Tupeane uzoefu: baiskeli yako ya kwanza ya mbio kwa mpango wa kazini (Uingereza)

Mtoto wa Korogwe (Reading)

Wakuu, habari za majukumu.

Kazini kwetu wamefungua maombi ya Cycle to Work na nimebakiwa na wiki mbili tu. Kwa wasioujua mpango huu: mwajiri ananunua baiskeli, wewe unaikodi kwake kwa kukatwa mshahara, kwa kawaida miezi 12, na makato yanatoka kabla ya kodi na bima ya taifa. Upo tangu 1999. Zamani wengi walikwama kwenye kikomo cha pauni 1,000, ila tangu 2019 mwajiri akitaka anaweza kuruhusu zaidi.

Tatizo langu si fomu, ni baiskeli yenyewe. Mara ya mwisho kuendesha ilikuwa Phoenix ya babu, mguu nimeupitisha katikati ya fremu kwa sababu kiti sikukifikia. Sasa naingia dukani naona usukani uliopinda kama pembe za kondoo, bei kuanzia pauni 500 hadi bei ya gari, na muuzaji ananiuliza maswali nisiyoyaelewa. Safari yangu ni maili 6 kwenda na 6 kurudi. Waliopitia huku naomba mseme mlinunua nini, na nini mnajutia.

Hesabu Kwanza (Slough)

Mkuu, kabla ya fremu anza na karatasi ya mshahara.

Chukua kifurushi cha pauni 1,000. Kwa miezi 12 unakatwa 83.33 kila mwezi, lakini kama uko kwenye kodi ya asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8, mfukoni unaona zimepungua 60 tu. Mwisho wa mwaka umetoa 720. Hapo ndipo watu wanashangilia na kusahau kwamba baiskeli bado si yao. HMRC, yaani mamlaka ya kodi, wana jedwali: baiskeli ya zaidi ya pauni 500 ikiwa na mwaka mmoja inahesabiwa bado ina robo ya thamani yake. Ukiinunua siku hiyo, umelipa 250 juu. Ndiyo maana kampuni nyingi zinakuongezea mkataba wa miaka mingine mitatu bila makato, unaweka amana ya asilimia 7 (asilimia 3 kama ilikuwa chini ya 500), na muda ukiisha amana ndiyo inakuwa malipo. Kwa hiyo 720 na 70, jumla 790. Umeokoa 210. Si haba, lakini si ile "nusu bei" wanayoisema kantini. Anayeikaribia zaidi nusu ni bosi wako wa kodi ya asilimia 40.

Uliza ofisi ya utumishi swali moja tu: mwisho wa miezi 12 inakuwaje? Wakibabaika, omba wakuandikie.

Pweza wa Nungwi

Bei ya gari 😂😂 na haina hata kioo cha mbele.

Mama Zuhura (Northampton)

Naomba niongee kwa niaba yetu tunaolea wazee, maana mada hizi huandikwa kama kila mtu ana mshahara wa ofisini.

Nilipoomba nilikuwa nalipwa pauni 12.50 kwa saa. Sheria inasema makato haya hayaruhusiwi kukushusha chini ya kima cha chini, na kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026 kima hicho kilikuwa 12.21. Nilichagua baiskeli ya pauni 900, nzuri, rangi ya zambarau, nimeshaipa na jina. Ombi likarudi limekataliwa. Nililia, sisemi uongo. Nilidhani wamenionea, kumbe ni hesabu: senti 29 kwa saa, mara saa zangu za mwezi kama 162 na nusu, ilibaki nafasi ya pauni 47. Kwa mwaka ni kama 560. Hiyo ndiyo ilikuwa dari yangu, hata ningepiga magoti.

Nikachukua haibridi, usukani ulionyooka, na keria ya nyuma ya kuwekea begi la kazi. Natoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine, na safari kama hizo za kazi nazo zinahesabika kwenye mpango. Mwanzo nilikuwa naona haya mbele ya wenye zile za mbio. Siku hizi natazama mbele nimekaa wima, wao wanatazama lami. Kwa hiyo mdogo wangu, piga hesabu ya dari yako kabla hujapenda rangi.

Mtoto wa Korogwe (Reading)

Pole sana dada, na asante. Mimi niko juu kidogo ya hapo, nafasi ninayo. Hilo sikuwahi kulisikia kabisa.

Simba Mvua (Manchester)

Nitakachosema kinahusu mgongo.

Mwaka ule nilipata vocha, ile hati ya mpango unayoipeleka dukani, nikawa nimeangalia mno mashindano ya Ufaransa kwenye runinga. Nikachukua baiskeli ya kaboni, nyepesi unaiinua kwa vidole viwili, tairi za milimita 25, nyeusi tupu. Nilinunua mwezi wa sita. Mwezi wa sita Manchester ni kama binti siku ya kutolewa posa, kila kitu kimepangwa vizuri. Oktoba ikafika. Mvua ya huku si ile ya kwetu inayopiga saa moja ikaisha. Hii inakaa hewani tangu asubuhi, barabara haikauki. Nikafika kazini na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni. Mhindi mmoja wa mapokezi, mtu mzima, akaniuliza kwa upole kama nimeanguka.

Nikaenda kwa fundi nikamwambia nifungie madigadi. Akaiangalia, akaingiza kidole kati ya tairi na fremu. Hakikupita. Fremu ile haina nafasi wala matundu ya kufungia madigadi, haina pa kuweka keria. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye nyuma yake kuna gari lenye baiskeli ya akiba na mpishi. Mimi nyuma yangu kulikuwa na basi namba 43.

Nilivumilia misimu miwili kwa kile kidudu cha plastiki kinachochomekwa chini ya kiti, kinapunguza aibu lakini viatu vinalowa vilevile. Kwa hiyo ukifika dukani, usiulize uzito. Uliza vitu viwili: tairi ya milimita 32 inaingia? Na madigadi kamili yanafungika? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, hiyo ni baiskeli ya kwenda kazini hata kama ina pembe za kondoo. Breki chukua za diski. Kwenye maji zile za kubana rimu zinafikiria kwanza ndipo zinashika.

Kipande cha Mtu (Leicester)

Saizi, saizi, saizi. Duka lilikuwa na fremu ya 58 pekee (wanapima kwa sentimita), mimi ni 54. Muuzaji akashusha kiti mpaka chini, akasema "inakufaa". Kushusha kiti kunarekebisha miguu, hakurekebishi umbali wa kufika usukani. Baada ya mwezi vidole viwili vya mwisho vilikuwa vinakufa ganzi na shingo inauma kama nimelala kwenye basi la Mwanza. Nikanunua shingo fupi ya usukani kwa pesa yangu, ikasaidia nusu. Mwishowe nimemuuzia shemeji... hapana, sijauza, mkataba wa kukodi haukuruhusu! Nilibaki nayo mpaka ukaisha.

Panda kabla. Zunguka mtaa mzima, si kwenye maegesho ya duka. Wakikukatalia kuijaribu, aga kwa heshima uondoke.

Mzee wa Wete (Bristol)

Assalaam alaykum vijana. Mimi nina miaka 61 na baiskeli ya mbio niliipata nikiwa na 57, kwa mpango huohuo. Nipo kiungani mwa Bristol, na asubuhi napita ile njia ya reli ya zamani ya Bristol kwenda Bath, ambayo yote ina maili 13, haina magari wala kilima. Raha. Lakini kufika kwenye njia yenyewe kuna mwinuko, na kurudi ndiyo hesabu.

Vijana dukani walikuwa wakinisomea majina ya gia kama wanasoma ukoo: Claris, Sora, Tiagra, 105. Nilikuja kufahamu kuwa hizo za Shimano zinapanda kwa ulaini na idadi, Claris ina gia nane nyuma, Sora tisa, Tiagra kumi. Kwa mtu wa kazini hata Claris yatosha, mwanangu, nayo ikichakaa cheni yake ni rahisi. Kilicho muhimu kuliko jina ni gia ndogo kabisa. Waambie wakuhesabie meno: mbele 34, nyuma 32 au 34. Hapo utapanda kilima ukiwa umekaa, unasabihi. Ukipewa gia za vijana wa mashindano utashuka uikokote, na watoto wa shule watakupita.

Mtoto wa Korogwe (Reading)

Shikamoo mzee wangu. Hilo la meno nimeliandika kwenye karatasi.

Mzee wa Wete (Bristol)

Marahaba. Na ukapande, usiandike tu.

Usiku Mwema (Lewisham, London)

Mie yangu fupi na chungu. Baiskeli ya pauni 1,100, kufuli ya waya ya pauni 14. Niliifunga kituo cha treni kwa sababu saa za msongamano treni yetu hairuhusu baiskeli isiyokunjwa. Mwezi wa tatu nikarudi nikakuta waya umekatwa kama uzi wa tende, na gurudumu la mbele wameniachia, sijui kwa huruma au kwa dharau.

Kinachouma zaidi: makato yaliendelea miezi tisa. Ni mali ya kukodi, ikiibwa deni ni lako. Bima ya nyumba niliyokuwa nayo ilikuwa inalipia vitu vya ndani tu.

Kwa hiyo kufuli iingie humohumo kwenye vocha. Tafuta muhuri wa Sold Secure, wale wanaopima ubora wa kufuli, wana ngazi za shaba, fedha, dhahabu na almasi. Kwa London usishuke chini ya dhahabu. Andika namba ya fremu kwenye BikeRegister, daftari la baiskeli la mtandaoni, siku hiyohiyo. Vocha inabeba pia taa, kofia, pampu, madigadi, mabegi ya keria, vyote vinakubalika. Wengi wanamaliza pesa yote kwenye baiskeli halafu Desemba, jua linazama saa kumi kasoro jioni, wanatafuta taa ya pauni tano. Usiku taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sheria, siyo urembo.

Fundi Bila Cheti (Birmingham)

Mimi nawashangaa. Mtumba upo! Nilinunua ya alumini kwa pauni 220, nikabadilisha cheni, nyaya na mipira ya breki, nikatumia kama 60. Hakuna fomu, hakuna amana, hakuna "mali ya kukodi". Ikiibwa nalia siku moja.

Usiku Mwema (Lewisham, London)

@Fundi hiyo ya 220 labda ndiyo yangu 🙂

Fundi Bila Cheti (Birmingham)

Hahaha! Namba ya fremu niliiangalia BikeRegister kabla ya kutoa hata senti. Na muuzaji asiyetaka kukusomea namba, mkimbie. Ila nakubali, mtu asiyejua kutofautisha fremu iliyopinda na iliyonyooka anunue mpya.

Nyota ya Kilifi (Coventry)

Ongezeni na hili: usichukue mpango kama unanusa kazi nyingine. Nilikuwa na ya 1,200, makato 100 kwa mwezi. Mwezi wa tano nikapata kazi bora. Miezi saba iliyobaki, pauni 700, zikakatwa zote kwenye mshahara wa mwisho, tena baada ya kodi, kwa hiyo ule unafuu wa sehemu hiyo ukayeyuka. Mwezi ule tulikula ugali na maharage mpaka mke wangu akaanza kuiita baiskeli "mke mwenza".

Wale wa NHS, huduma ya afya ya serikali, muulize pia pensheni. Kwetu sehemu inayokatwa haihesabiwi kwenye mshahara wa pensheni. Ni kidogo, lakini ujue.

Dogo Janja wa Tanga (Milton Keynes)

Wakuu mimi nilianguka kwenye taa nyekundu nikiwa nimesimama. Viatu vya kunasa kwenye pedeli. Nilinunua kwa sababu kila mwenye baiskeli ya mbio anavaa. Nikasimama, nikasahau kuchomoa mguu, nikaanguka ubavu taratibu kama mnazi unaokatwa. Dereva wa basi alishusha kioo akaniuliza kama niko salama, na abiria wote wakanitazama. Mwaka wa kwanza pedeli bapa zinatosha kabisa.

Mtoto wa Korogwe (Reading)

Nimerudi wakuu, jana nilikuwa dukani saa mbili nzima mpaka muuzaji akaniletea chai.

Duka la kwanza walikuwa na punguzo, nilipotaja vocha punguzo likaondoka. Wanadai kampuni ya vocha inachukua kamisheni yake. La pili hawakuwa na maneno hayo. Nimejaribu tatu. Ya kaboni ilikuwa tamu, nikiri, lakini kidole hakikupita, Simba Mvua nilikukumbuka. Nimechukua ya alumini, saizi 54, breki za diski, Sora, mbele 34 nyuma 34, tairi 32. Pauni 850. Kufuli ya dhahabu 70, taa 40, madigadi 40. Jumla 1,000 kamili, zile hesabu za mkuu wa Slough zimeingia kama zilivyo. Pedeli bapa. Mwisho wa mkataba wamenijibu kwa barua pepe: asilimia 7.

Nilizunguka nayo mitaa mitatu. Kiti nilikifikia.

Mama Zuhura (Northampton)

Hongera mdogo wangu. Rangi gani?

Mtoto wa Korogwe (Reading)

Kijani dada. Halafu wamenifungia kikengele kidogo hivi, nilitaka kukitoa, kinaonekana cha kitoto.

Mzee wa Wete (Bristol)

Kiache. Baiskeli mpya nchini humu lazima iuzwe nacho. Na kwenye njia ya mto utakutana na mbwa asiyejua sheria yoyote.