Nimehubiri Hana nikamtaja Bugonoka. Je, nimevuka mpaka?

Mwinjilisti_Nyakato:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mwinjilisti wa kujitolea hapa Nyakato, Mwanza. Siku za kazi nafundisha Kiswahili sekondari. Jumapili iliyopita nilipangiwa 1 Samweli 1, Hana na uchungu wake wa kukosa mtoto, nikaanza na riwaya ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Wengi pale ibadani asili yao ni Ukerewe, lakini nilipouliza nani anamfahamu Kitereza, mikono miwili tu ilinyooshwa. Iliniuma. Mzee yule alikuwa katekista, aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, na kitabu kikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35 ya kungoja!

Nikawasimulia. Mke na mume hawana mtoto, ndugu wa mume wanasema maneno, wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika mpaka inapatikana. Hapo nikarudi kwa Elkana, mume wa Hana, anayemuuliza mkewe, "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Nikasema swali lile lina upendo, ila Hana halijibu. Anainuka, anakwenda kumlilia Bwana. Kanisa lilitulia kiasi cha kusikia feni.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa, ninayemheshimu kama baba, aliniita chini ya mwembe. "Mwanangu, umetuletea pombe na mganga madhabahuni. Biblia imekupungukia nini?" Ni kweli, kwenye riwaya wanapata mtoto baada ya dawa za mganga, nami sikulificha hilo. Neno lake halijanitoka tangu siku ile. Sijawahi kuiweka riwaya sawa na Maandiko na sitafanya hivyo. Lakini naamini Mungu aliwaacha wazee wetu waone mambo ya kweli kuhusu ndoa na machozi, na kuyanyamazia ni hasara. Mpaka wenyewe uko wapi?

Karasha_Geita:
Mtumishi, mzee ana hoja, usimpuuze. Watu wanapenda kumtaja Agostino, mwalimu wa kanisa la kale: kwamba Waisraeli walitoka na dhahabu ya Misri, basi na sisi tuchukue kilicho kweli kwa wanafalsafa. Mimi ni mchimbaji. Jiwe likitoka shimoni hulivai shingoni. Linapita karashani, linasagwa, linaoshwa, na sehemu kubwa inaishia kuwa marudio, yaani mabaki ya mchanga. Halafu usiishie Kutoka 12, fika sura ya 32. Hereni za dhahabu zilizokuwa masikioni mwao ndizo Haruni alizoyeyusha akapata ndama.

Kwetu aliwahi kuja mhubiri akataja wanafalsafa Plato na Kierkegaard karibu nusu saa. Mama yangu ameishia darasa la nne. Alitoka pale anajiona mjinga, na hakuna mstari hata mmoja aliobeba kwenda nao nyumbani. Kolosai 2:8, onyo la kutofanywa mateka kwa elimu ya bure, naielewa nikimkumbuka mama siku ile.

Mchungaji_Mstaafu_Nansio:
Wanangu, salamu kutoka Nansio. Someni Matendo 17 polepole. Paulo yuko Areopago, kule Athene, mbele ya wanafalsafa Waepikureo na Wastoiko, anawaambia mtunga mashairi wao amesema, "Maana sisi sote tu wazao wake." Maneno hayo yamo kwa Aratus, mshairi wa Kigiriki, mtu wa Kilikia, jimbo la Paulo mwenyewe. Na shairi lenyewe linaanza kwa kumsifu Zeu, mungu wa Wagiriki! Mwinjilisti, kama pombe ya Myombekere imemkwaza mzee wako, mwonyeshe hilo, kwa adabu.

Ila tazama pia walicheka wapi. Hawakumdhihaki kwa shairi. Walimdhihaki alipofika kwenye ufufuo wa wafu. Shairi lilimpeleka hadi kwenye lile neno gumu na yeye hakulikwepa. Sasa nakuuliza kama baba: neno gumu katika 1 Samweli 1 ni mstari wa 28, Hana anamtoa kwa Bwana mtoto aliyemlilia miaka yote. Kitereza hawezi kukufikisha hapo. Ulifika?

Mama_wa_Mwaloni:
Shikamoo mchungaji. Mimi nauza dagaa pale soko la Mwaloni, na Jumapili hiyo nilikuwepo, kiti cha tatu kutoka mlangoni. Mimi na mume wangu tuna miaka minane bila mtoto.

Njiani hakusema kitu. Usiku akaniuliza, "Yule Myombekere alikwenda ukweni mwenyewe, hakutuma mtu?" Nikamwambia ndiyo, mwenyewe. Akaniomba nimsomee habari za Hana. Nikasoma sura yote, mpaka pale anapomwambia kuhani Eli hakunywa divai, ameimimina roho yake mbele za Bwana. Mume wangu akalia. Sijawahi kumwona akilia. Kwa hiyo anayesema kitabu kile kilitutoa kwenye Biblia, kwangu haikuwa hivyo.

Lakini mwinjilisti, nina lawama yangu. Ulizungumza na wanaume. Elkana ulimpa muda, Myombekere ulimpa muda, Hana mwenyewe ukampitia kama gari la mwendokasi. Na Penina, mke mwenza aliyekuwa akimchokoza Hana, hukumtaja kabisa. Mimi nina akina Penina wawili kwa wakwe zangu, na nilikuwa nakaa pale nikisubiri uwafikie.

Mwinjilisti_Nyakato:
Mama, asante, na pole. Nimefungua daftari langu la mahubiri sasa hivi. Kurasa nne, Penina hayumo. Mchungaji, mstari wa 28 nao haumo. Niliishia kwenye machozi kwa sababu kanisa lilikuwa limetulia nikaona inatosha.

Nimeomba nipewe tena sura hiyohiyo mwezi ujao. Nitaanzia mstari wa 6, pale mwenzake anapomchokoza, na nitakwenda mpaka Shilo mtoto anapoachwa. Jumamosi namfuata mzee nyumbani kwake. Nimempigia simu, amesema nije na hicho kitabu.