Mashudu ya alizeti kwa kuku wa nyama, mwisho kiasi gani?

MamaKulwa_Sgd
Wakuu, habari za jioni. Nipo Singida mjini, nafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Chakula cha dukani kimepanda mpaka faida yote inaishia kwenye kiroba. Huku mashine za kukamua alizeti zimejaa, na mashudu bei yake inavumilika. Mama mkwe wangu anawapa wa kienyeji mashudu na pumba za mahindi, wananawiri. Nikiwapa hawa wa kisasa nusu kwa nusu itafaa? Vifaranga naingiza mwezi ujao.

MzeeWaPumba
Dada, nusu kwa nusu hapana. Hizo mashine ndogo zinakamua alizeti na maganda yake, kwa hiyo mashudu yanaweza kuwa na nyuzinyuzi hadi robo ya uzito au zaidi. Kuku wa nyama haziwezi. Tumbo linajaa, anaacha kula, na nguvu ya kukua haijaingia. Kuku wa mama mkwe anaokota kumbikumbi na majani, tena ana miezi mingi ya kukua. Wako ana wiki sita tu.

Wiki tatu za kwanza usiwabahatishe, wape cha kuanzia cha dukani. Wanataka protini asilimia 21 mpaka 23, na hapo ndipo mwili unajengwa. Baada ya hapo changanya mwenyewe. Kwa kilo 100: mahindi ya kuparaza 58, pumba za mahindi 5, mashudu 15, soya iliyokaangwa 10, dagaa wa Mwanza 9, chokaa ya mifugo 1, unga wa mifupa kilo moja na nusu, chumvi robo kilo, premiksi (ule unga wa vitamini na madini) robo kilo. Protini inakuja kama 18 na nusu hivi. Mashudu kabla ya kupima yapitishe kwenye chekeche, yale maganda makubwa wape mbuzi.

Soya mbichi usithubutu, ina kitu kinachozuia kuku kumeng'enya protini. Kaanga mpaka inukie, ndipo usage.

Bariadi_Boy
Mzee, sisi huku yamejaa ya pamba. Tuyatumie vilevile?

MzeeWaPumba
Ya pamba yana gosipoli, sumu ya mbegu yenyewe. Ng'ombe mkubwa anaihimili, kuku wa nyama anadumaa. Wauzie wenye ng'ombe, hela yake ununulie ya alizeti.

MamaKulwa_Sgd
Asante sana mzee wangu. Dagaa wa hapa sokoni wana mchanga balaa. Na pumba je, nichukue zile za mashineni zinazouzwa rahisi?

MzeeWaPumba
Dagaa waloweke kiganja kimoja kwenye bakuli la maji, ukoroge. Mchanga utauona chini, na ukiwa mwingi nenda kwa muuzaji mwingine, maana unanunua kilo za ufukwe. Wa baharini waliotiwa chumvi waepuke pia, au uondoe chumvi yote kwenye mchanganyiko, la sivyo watakunywa maji kupita kiasi na matandiko yatalowa.

Pumba ingiza mkono katikati ya gunia. Ikiwa na joto, imeshikana mabonge au inanuka uvundo, iache hata kama ni ya bure. Sumukuvu haitoki kwa kuanika juani. Mimi nilimkatalia jirani yangu gunia zima, akaninunia mpaka Idi.

Kuku_Pesa
Mkuu, premiksi ina ulazima? Mimi siweki.

MzeeWaPumba
Ndani ya banda hawapati majani wala wadudu, vitamini zitatoka wapi? Weka. Na hata ukiweka, laisini, kijenzi cha protini anachohitaji kuku ili akue, kwenye mashudu ni ndogo, ndiyo maana nimeingiza soya na dagaa. Ukipunguza hivyo viwili ili kuokoa hela, ongeza laisini ya dukani, inauzwa kwa kupima.

Dada Mama Kulwa, cha dukani usikikate ghafla. Siku nne au tano changanya kidogo kidogo, huku ukipima uzito wa kuku wachache wale wale kila wiki.