Mrejesho: asili ya nyumba ya babu, Masaka, Uganda
Ndugu zangu, niliuliza hapa namna ya kufuatilia historia ya nyumba ya babu, ambayo hatuna hati yake, nami nawashukuru kwa dhati. Kama mlivyoshauri, nilitafuta namba za bloku na ploti, nikaomba upekuzi katika ofisi ya ardhi, na daftari likaonyesha kwamba eneo lile ni mailo, ardhi ya umiliki wa kudumu iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, na kwamba babu alikuwa na kibanja tu, yaani haki ya mpangaji kwenye ardhi ya mtu mwingine. Shangazi aliumia sana. Hata hivyo, sasa tunazielewa stakabadhi za busuulu tulizozikuta sandukuni, kodi ya pango ambayo mwenye kibanja alimlipa mwenye ardhi, na ambayo sheria ya 1928 iliiwekea kikomo. Ramani ya zamani niliifuata hadi Entebbe, nikaikosa.