Kauboi anayeimba: utamu wake uko wapi?

Chuma_Mboga
Wakuu, habari za jioni. Mjomba kila Jumapili ananikalisha tuangalie kauboi zake za miaka ya 1930, zile nyeusi na nyeupe. Stelingi anatwangana na watu wanne, kofia haidondoki, akitoka nje anachukua gitaa anaimba na ng'ombe wote wametulia kama wamelipwa. Kinachonichanganya zaidi: mtu yuko juu ya farasi, bastola kiunoni, pembeni linapita gari, na ndani kuna redio. Hiyo ni zama gani? Mjomba anafurahi mpaka anapiga mapaja, mimi nasinzia. Mnaozipenda, nielewesheni.

Mama_Mitumba
Shah Rukh akiimba mlimani na kila ubeti ana shati jipya huulizi, unamwonea kauboi wa watu 😂

Fuso_la_Tunduma
Mimi nilizifikia kupitia Jim Reeves. Namsikiliza barabarani usiku, nikaanza kutafuta waliomtangulia, nikakutana na Gene Autry, mmoja wa hao makauboi waimbaji.

Umegusa penyewe, mdogo wangu, hapo kwenye gari na redio. Sinema nyingi za Autry si hadithi za kale, zinaonyesha maisha ya miaka ileile zilipotengenezwa. Jamaa kazaliwa Texas mwaka 1907, akafanya kazi ya telegrafu kwenye reli huko Oklahoma, akavuma kwenye redio ya WLS ya Chicago, ndipo sinema zikamchukua. Watu wa mashambani walishaizoea sauti yake kabla hawajamwona sura. Ndiyo maana hata ndani ya sinema anaitwa Gene Autry hivyohivyo.

Halafu mwangalie adui. Mara nyingi ni mtu wa suti: mwenye benki anayetaka ranchi ya mjane, kampuni inayoziba maji, mwanasiasa mla rushwa. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na wako watazamaji waliokuwa wamenyang'anywa mashamba na benki za kweli.

Mwaka 1938 Autry aligombana na studio yake, Republic, habari za malipo, akasusa. Studio ikamchukua mwimbaji kijana, Leonard Slye, mzaliwa wa Ohio, ikampa jina la Roy Rogers na sinema ya Under Western Stars. Humo kauboi anachaguliwa kuwa mbunge ili watu wa nyumbani kwake, ambako ardhi imegeuka vumbi, wapate maji. Anafika Washington, waheshimiwa wamependeza, anawaonyesha filamu ya dhoruba za vumbi na juu yake anaimba "Dust". Kipande hicho hakina risasi hata moja! Wimbo ule uliteuliwa kuwania Oscar. Ngumi na mbio za farasi waliwekewa watoto wa Jumamosi mchana (na mimi nazipenda, sikatai), lakini anayebeba kesi ya wakulima pale ni wimbo. Ukiuruka ili ufike kwenye mapigano, umeruka sinema yenyewe.

Chuma_Mboga
Aisee. Sasa hapo nimeanza kukupata. Ila wote ni weupe?

Fuso_la_Tunduma
Hapana. Mtafute Herb Jeffries. Kumbi nyingi za sinema kule zilikuwa za ubaguzi, kwa hiyo kati ya 1937 na 1939 alitoka kwenye sinema kadhaa za kauboi zenye waigizaji weusi, zilizolengwa kwenye kumbi za watu weusi. Wengine walikuwa wakimwita "Bronze Buckaroo". Baadaye aliimba na bendi ya Duke Ellington. Pesa ilikuwa ndogo na inaonekana, lakini sauti ile nzito, we acha tu.

Chai_ya_Kericho
Wacha niongeze ya kwetu. Autry alianza kwa kumwiga Jimmie Rodgers (si Roy Rogers wa Fuso), mwimbaji wa Marekani, yule wa kuvunja sauti kutoka kifuani ikaruka juu kooni. Santuri za Rodgers zilifika mpaka kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipokuja kurekodi huku Bonde la Ufa, wasichana walimwimbia "Chemirocha", ndivyo walivyolitamka jina la huyo Jimmie Rodgers, ambaye kwenye masimulizi yao alishakuwa nusu mtu nusu swala. Kwa hivyo huyo mjomba wako si wa kwanza kunaswa.

Mama_Mitumba
Nusu swala tena? Naitafuta sasa hivi.

Chuma_Mboga
Fuso, hiyo ya mbunge mjomba anayo, ila "Dust" siikumbuki kabisa. Au nilikuwa nimelala?

Fuso_la_Tunduma
Inawezekana ulilala 😄 lakini angalia urefu kwanza. Televisheni ilipoingia, nyingi zilikatwa hadi dakika 53 au 54 zitoshe kwenye kipindi cha saa moja pamoja na matangazo, na nyimbo nyingine zikaondoka. Hiyo ikiwa nzima inapita saa moja kidogo. Kama ya mjomba ni fupi, mwambie atafute nyingine, na Jumapili unywe kahawa kabla ya kuketi.