Nimezama kwa saa ya ratiba, maji yamejaa, bado mkondo ukatutenganisha. Nilikosea wapi?

Mbizi_mpya22

Wakuu habari zenu. Mimi bado mchanga, nimezamia na mtungi wa hewa mara 22 tu na karibu zote ni maji maangavu unaona chini ukiwa juu. Juzi nikaenda na mwenzangu sehemu mpya, mlango wa ghuba, boti imetia nanga kwenye mita 14. Ratiba ya maji nikaiangalia mwenyewe, maji yanajaa saa 4 na dakika 40 asubuhi, tukaingia saa 4 na nusu tukijua tunakuta yamesimama kabisa. Kushuka na kamba ya nanga nikaona kabisa kamba imekaza, haijalegea hata kidogo, ila nikajiambia ni boti tu. Kufika chini tukaachia kamba tukaanza kwenda, ndo naona majani ya bahari yamelala yote upande mmoja kama nywele zimechanwa, na uoni sijui ni mita moja na nusu, nikinyoosha mkono naona vidole kwa shida. Dakika kama ya sita nageuka mwenzangu hayupo!!

Nikarudi kumtafuta kama dakika saba, napiga mapezi kwa nguvu tope ndo linazidi kutibuka, mara nahisi nimepita hapa mara sijapita, geji ya hewa ya mtungi ilikuwa bar 150 nikaja kuiangalia ni 90. Nikapanda. Kutokea juu boti naiona ndogo kama kiberiti. Mwenzangu ye alishapanda zamani yuko kwenye boti ananitafuta kwa macho. Hakuna aliyeumia ila usiku sikulala.

Maswali: kwanini maji yalikuwa yanakimbia wakati ratiba inasema yamejaa? Na nyie mnafanyaje kwenye maji ya hivyo?

baharia_wa_zamu

Mkuu pole, na hongera kwa kuandika, wengi wakitoka kwenye hali hiyo wanasema tu "dive ilikuwa kali".

Kosa lako ni la karibu kila mtu. Ratiba ya maji inakwambia KIMO, haikwambii mwendo. Saa 4:40 ni saa maji yanafika juu kabisa pale yalipopimwa, basi. Haijasema saa hiyo maji yamesimama. Sasa we umezama kwenye mlango wa ghuba, fikiria chumba kikubwa chenye kamlango kadogo, bahari ya nje imeshafika kileleni na labda imeanza kushuka, lakini ndani bado hakujajaa manake maji yote yanapita kwenye huo mlango, kwahiyo yanaendelea kuingia tu mpaka ndani na nje vilingane. Hapo ndo mkondo unasimama. Kuna sehemu hiyo inachelewa nusu saa, kuna sehemu saa nzima na zaidi, na huwezi kuijua kwa kukisia, ni ratiba ya mikondo (ni kitu kingine kabisa na ratiba ya vimo) au mtu anayevua pale kila siku.

Halafu nikuulize, mwezi ulikuwaje?

Mbizi_mpya22

Dah sikuangalia mwezi kabisa. Nimecheki sasa hivi, ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu.

baharia_wa_zamu

Nilijua. Hilo ni bamvua lenyewe, manake bamvua haliji siku ileile ya mwezi mpevu au mwandamo, sehemu nyingi linachelewa siku moja mbili hivi. Umeingia siku ambayo maji yanajaa sana na kupwa sana, maji mengi zaidi yanapita kwenye mlango uleule kwa muda uleule wa saa 6 na kidogo. Lazima yakimbie. Na yakikimbia yanabeba tope, ndo maana huoni kitu, hayo ni mambo mawili yenye mzazi mmoja. Ungengoja kama wiki moja ukaenda maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, ungekuta mahali tofauti kabisa.

Kitu kingine: maji hayaendi mwendo mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Wazee wanagawa tofauti ya kimo mafungu 12, saa ya kwanza linapita fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote yanapita kwenye saa mbili za katikati. Ni makadirio tu, sehemu zingine hayafuati hivyo, ila yanakusaidia kujua saa gani usiwe chini.

pezi_la_kushoto

Baharia kamaliza ya mkondo mi niseme ya tope.

Kwanza mkuu kosa sio kupotezana, kwenye uoni wa mita moja na nusu kupotezana ni kawaida. Kosa ni kutafuta dakika saba. Sheria tuliyofundishwa wote ni dakika moja, unaangalia pande zote, juu na chini, humuoni unapanda taratibu, mnakutana juu. Mwenzako alifanya hivyo, wewe hukufanya, kwahiyo kwa dakika zote hizo yeye yuko juu wewe unamtafuta chini. Piga hesabu, mkondo wa noti moja (sio ya hela) ni kama mita 31 kwa dakika. Dakika 7 za kutafuta ni mita 217, weka na kupanda na ule usimamaji wa usalama mita 5 dakika 3 unaenda kwenye 370. Ndo kiberiti ulichokiona hicho.

Hiyo dakika moja itumie vizuri. Tochi yako ibane kifuani iwe giza, halafu zunguka polepole mduara mzima. Ukiwa umewasha tochi unaona tu ukuta mweupe wa tope mbele yako, kama gari linalowasha taa kubwa kwenye ukungu. Ukiizima taa yako ndo unaiona ya mwenzako, hata kama ni weupe tu unaocheza pembeni. Mimi nimeshampata mtu hivyo, alikuwa mita mbili nyuma ya bega langu nami nilikuwa nakaribia kupanda.

Mapezi usipige juu chini juu chini, piga teke la chura, kwa pembeni, na kiuno kikae juu kidogo kuliko kichwa ili usitibue chini. Na msifuatane mmoja nyuma ya mwingine, kaeni bega kwa bega. Wa nyuma akipotea wa mbele hajui.

Kambale_mkubwa

Mi nawafunga watu kamba kwisha habari. Mita moja na nusu, mkono kwa mkono.

pezi_la_kushoto

@Kambale kamba ndio, KUFUNGA hapana. Ishikeni mkononi. Siku mmoja wenu akinasa kwenye wavu wa zamani na mkondo unasukuma, mwingine anataka awe huru akamkate, sio wote wawili mmetundikwa kwenye kamba moja. Na kila mtu awe na kisu chake au mkasi, mahali ambapo mkono wowote unafika.

Kambale_mkubwa

Sawa hapo umenipata. Nilikuwa nafunga kwa kitanzi cha kuteleza lakini ukweli sijawahi kukijaribu kikiwa kimekazwa.

Mbizi_mpya22

Asanteni sana aisee. Swali lingine, wakati napanda sikuona kitu, kijani tupu juu na chini, nikapata kizunguzungu nikawa sijui kama napanda au nashuka. Hiyo inakuwaje?

nahodha_wa_maneno

Hiyo ni macho hayana pa kushika na masikio yanakudanganya. Mapovu hayadanganyi, yanaenda juu siku zote, weka kiganja mbele ya mdomo utayahisi hata usipoyaona. Halafu bandika macho kwenye kompyuta ya kuzamia inayoonyesha kina, mita zinapungua au haziongezeki, kama mita 9 kwa dakika inatosha. Mimi najishika kitu, hata kamba ya jaketi langu la hewa mwenyewe, sijui kwanini ila akili inatulia.

Bora zaidi ni boya. Ukiwa chini unalipuliza linapanda na kamba yake, we unapanda unakunja kamba, una mstari wa kufuata, na nahodha anaona ulipo na boti inakufuata badala ya kukupoteza. Kwenye mkondo bila boya mi siingii hata nibembelezwe. Ila lifanyie mazoezi kwanza kwenye maji safi, likikunasa kwenye jaketi linakurusha juu kama kizibo.

Geji kama huioni kwa tope, jaza maji safi kwenye mfuko mwangavu wa plastiki, funga, ubane katikati ya miwani na geji. Unasoma kupitia maji safi. Mafundi wa chini ya maji wanafanya hivyo.

baharia_wa_zamu

Mfuko unafanya kazi ila kama umefika pa kuhitaji mfuko na hulipwi kuwa pale, panda juu nenda nyumbani.

Mbizi_mpya22

Hahaha haya. Kwahiyo mpango: maji mafu, boya, kamba ya mkononi, tunaanza kwa kwenda dhidi ya mkondo ili kurudi iwe rahisi. Ila kama hakuna ratiba ya mikondo ya pale, nitajuaje yamesimama kabla ya kuvaa?

baharia_wa_zamu

Boti ikiwa na nanga, tupa kijiti majini kwenye pua ya boti, hesabu sekunde mpaka kifike tezi. Boti ya mita 8, kikichukua sekunde 16 hiyo ni nusu mita kwa sekunde, karibu noti moja, hapo vueni mkae. Mkondo ukiongezeka mara mbili nguvu inayokusukuma inakuwa mara nne, usijidai una mapaja. Kikichukua dakika nzima, anza kuvaa. Rudia kila dakika 10 uone kinapungua au kinaongezeka. Ila kijiti kinapima juu tu na upepo unakisukuma, kwahiyo mkifika chini angalieni tena yale majani yako yaliyochanwa. Yamelala, rudini juu na kamba ileile. Usiiachie kamba ya nanga kabla ya kuyaangalia majani.

Mbizi_mpya22

Tuliiachia kabla. Ndo niliyaona baadaye.