Bafu la krimu: choo kipya kiwe krimu au cheupe?

Muulizaji
Habari zenu, ndugu. Choo chetu cha kukaa kimepata ufa kwenye bakuli, na fundi ameshauri kibadilishwe chote. Beseni la kunawia na hodhi la kuogea ni vya rangi ya krimu, viliwekwa pamoja na choo hicho miaka mingi iliyopita, na bado ni vizima. Mume wangu anataka tutafute krimu inayofanana, mimi naelekea kwenye nyeupe. Isitoshe, mama mkwe tunayeishi naye anasumbuliwa na magoti. Naomba ushauri wa rangi na muundo.

Fundi Bomba
Dada, kabla ya rangi, pima. Anzia kwenye ukuta wenyewe, si kwenye marumaru ya ukingoni, hadi katikati ya boliti mbili zinazoshikilia choo sakafuni. Vyoo vingi vinavyotoa majitaka kupitia sakafuni hutengenezwa kwa umbali wa milimita 305, ingawa vipo vya 254 na 356. Ukinunua cha 305 ilhali tundu lako liko milimita 254 kutoka ukutani, tangi litagota ukutani na choo hakitakaa mahali pake. Angalia pia kitako, kwa sababu kipya kikiwa kidogo kuliko cha zamani, alama iliyobaki kwenye marumaru itaonekana kila siku. Napendelea chenye ubavu laini unaoficha mikunjo ya njia ya majitaka, kwani humo ndimo vumbi hujishika.

Mpenda Nyumba
Krimu si rangi moja. Kila kiwanda kina mchanganyiko wake wa mng'ao, yaani ule utando laini kama kioo unaopakwa juu ya udongo wa choo na kuchomwa kwenye joto la takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi, hivyo krimu ya kimoja huelekea manjano na ya kingine huelekea kijivu au waridi. Zikikaribiana bila kulingana, jicho huona uchafu. Zikitofautiana wazi, jicho huona kwamba mwenye nyumba alichagua. Ng'oeni kifuniko cha tangi la zamani, mkibebe hadi dukani, mkiweke kando ya choo kipya nje kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa za dukani hudanganya. Ikiwa tofauti inaonekana hata kidogo, chukueni cheupe bila kusita, kisha mrudishe weupe huo kwenye taulo na fremu ya kioo. Vyeusi na vya kijivu kizito msivifikirie ikiwa maji yenu yana chokaa, maana kila tone likikauka huacha doa jeupe.

Muuguzi
Naunga mkono nyeupe kwa sababu nyingine: kwenye bakuli jeupe, mabadiliko ya rangi ya mkojo au damu kwenye choo huonekana mapema, na kwa mzee hilo si jambo dogo. Kuhusu magoti, tafuteni choo kirefu, ambacho kiti chake kiko kati ya sentimita 43 na 48 kutoka sakafuni, ilimradi miguu ya mama ifike chini vizuri.

Muulizaji
Asanteni sana. Nimepima, ni milimita 305. Kifuniko tutakibeba, na mume wangu amekubali kwamba krimu isipolingana tutachukua nyeupe. Bakuli liwe la mviringo au la kurefuka?

Fundi Bomba
La kurefuka humkalisha mtu vizuri zaidi, lakini huongeza takriban sentimita 5 mbele. Fungua mlango wa bafu uone kama utapita. Chagua tangi lenye vitufe viwili, kimoja cha lita 6 kwa haja kubwa na kingine cha lita 3 kwa haja ndogo, na umwombe mama mkwe akibonyeze cha maonyesho palepale dukani. Vidole vyake vikishindwa, chukua lenye mkono wa pembeni.