MISUMARI JUU YA BARAZA! Sasa huyu bwana ametupanda kichwani

MwanaLangoni: Mnamjua, simtaji, bwana wa hapa Lamu. Kavunja daka, ule ukumbi wa mlangoni, kaziba dirisha kwa tofali, kapandisha ukuta hadi mwezi unamwomba ruhusa kupita. Tungemeza. Lakini MISUMARI? Juu ya BARAZA, benchi la mawe la kukalia? Inchi mbili mbili, ncha juu, imemiminiwa saruji. Kikao cha wazee kimekuwa mbuzi ya kukunia nazi! Ati usalama. Watu wakikaa pale wanaiona ndia, njia yote, kona hadi kona, mwizi anapita akisalimiwa kwa jina la babake. Sasa nani atamsalimu, msumari?

FundiChokaa: Na lile taa? Limefungwa usawa wa macho, linakumulika usoni, nyuma yake giza totoro. Mtu akijibanza humwoni. Taa hukaa juu, mita 3 hivi, na kifuniko, iangalie chini, nyuso zionekane. Halafu saruji juu ya ukuta wa matumbawe inafungia unyevu, chumvi inatoka, plasta inabambuka. Chokaa inapumua.

Kibogoyo_wa_Gati: Mwana, una uchungu wa mji au wa makalio? 😂

MwanaLangoni: Vyote! MISUMARI jamani!

BintiMkomani: Acheni kujidanganya. Nyumba za mawe za kale nazo zilikuwa na kuta tupu ndiani, kwa stara. Kazi ilifanywa na daka: mlango umerudi ndani, mabaraza mawili yanatazamana, mgeni anakaribishwa hapo bila kuingia nyumbani. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji wa New York, aliandika 1961 kuwa macho ya wakazi ndiyo yanayoilinda njia. Daka lilikuwa kazini zamani. Ila macho hayo hayo yenu ndiyo yanayotufanya wanawake tuzunguke vichochoro vya nyuma. Hilo hamlisemi.

MwanaLangoni: Afadhali macho kuliko misumari.

BintiMkomani: Kaa wewe kwanza kwenye hayo macho.

Mmalindi254: Nyinyi mnalia ukuta mmoja! Huku Malindi majumba ya kitalii ni geti, ukuta, ukuta, ukuta. Saa mbili usiku ukipiga yowe anakusikia popo. Kibanda kimoja cha mihogo kando ya barabara kinalinda kuliko askari watatu waliofungiwa ndani ya geti.

Kibogoyo_wa_Gati: Mihogo ya Malindi haina pilipili.

Mmalindi254: Ya Lamu ina mchanga.

FundiChokaa: Na mavi ya punda Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nani anazoa?

Kibogoyo_wa_Gati: Punda ana kosa gani? Mulizeni mwenye bodaboda anayepita katikati ya watu.